Kosa la Nahodha na Ubovu wa Injini Vihesabiwe Pamoja

Bandari ya Karema, katika Ziwa Tanganyika, imewafungulia wakazi wa Katavi njia fupi ya kwenda Kongo. Mahindi na mchele wa Mpanda vinaweza kuteremshwa ziwani na kuvushwa hadi Kalemie au Moba, na mazungumzo mpaka sasa yamekuwa ya gati, barabara na reli. Usalama wa chombo chenyewe kikiwa katikati ya maji huzungumzwa siku ya msiba tu, na siku hiyo majibu huwa mawili: nahodha alizembea, au chombo kilikuwa kibovu. Majibu hayo yanatenganisha mambo ambayo majini hayatengani. Uzembe huzaa ubovu, na ubovu humsukuma mtu kwenye kosa. Anayekadiria hatari ya ajali bila kuviunganisha viwili hivyo atapata jibu dogo kuliko ukweli, na jibu hilo dogo ndilo hutumika kuruhusu safari.

Tuchukue MV Nyerere, kivuko kilichopinduka Septemba 20, 2018 katika Ziwa Victoria, kikitokea Bugolora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 100. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miezi michache kabla, injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa, kwa hiyo mkaguzi anayetazama mitambo tu angekipa alama nzuri. Baada ya ajali, Rais John Magufuli alisema usukani ulikuwa umeachiwa mtu asiye na mafunzo. Kivuko kilikuwa kimekaribia kabisa gati. Watu wanaposimama wamebanana juu ya sitaha, kitovu cha uzito cha chombo hupanda, na nguvu inayokirudisha wima kila kinapoinama hupungua. Hapo kona kali ya usukani, au abiria kusogea upande mmoja kwa pamoja wakijiandaa kushuka, inatosha kukilaza. Je, hilo ni kosa la mtu au hitilafu ya chombo? Uthabiti wa kivuko ni jambo la kiufundi, lakini uliharibiwa pale watu walipopakiwa kupita kiasi. MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 na kuua mamia, ilituonyesha upande wa pili: meli yenye matatizo ya uthabiti iliendelea kupakia abiria.

Wahandisi wana chombo cha hesabu kiitwacho mti wa hitilafu, kilichobuniwa miaka ya 1960 nchini Marekani kwa ajili ya makombora. Juu huandikwa janga, chini yake sababu zinazoweza kulileta, na kila sababu hupewa uwezekano wake. Kosa hujificha kwenye kuzidisha. Tuchukue namba za mfano, si takwimu: boti ambayo injini yake huzimika safari 1 kati ya 50, na ambayo hupakiwa kupita kiasi safari 1 kati ya 10. Ukidhani mambo haya hayahusiani, yatakutana mara 1 katika safari 500. Lakini mmiliki anayelazimisha magunia ya ziada mara nyingi ndiye huyo huyo anayeahirisha kubadilisha oili na chujio la dizeli, na mzigo wenyewe huitesa injini. Ikiwa katika safari zenye mzigo uliozidi injini huzimika mara 1 kati ya 10, basi mambo hayo hukutana mara 1 katika safari 100. Boti ni ile ile, ila hatari ni mara tano. Ndiyo maana watafiti wengi wa ajali za meli leo hutumia mitandao ya Bayes, ambamo uamuzi mmoja wa mmiliki huchorwa ukigusa mitambo na nahodha kwa wakati mmoja, na makadirio hurekebishwa kila taarifa mpya inapoingia.

Kuna watakaosema hesabu hizi ni za nchi zenye takwimu. Karema na jirani yake Ikola, nani anaandika injini ngapi zimezimika? Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, njia ya Bayes huanza na makadirio ya wanaojua kazi, na mafundi wa injini na manahodha wa mwambao wanajua mengi. Tena ushahidi mwingi hautoki kwenye ajali. Unatoka kwenye safari zilizonusurika: boti iliyovutwa na nyingine hadi mwaloni, pampu ya kutolea maji iliyoziba usiku. Wengine wanahofia kwamba hesabu hii itamtoa nahodha hatiani. Haimtoi, bali inawaongeza wenzake. Mwaka 1987 meli ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, ikaua watu 193 kwa sababu iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Uchunguzi ulikuta pia kwamba nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha hali ya milango, na kwamba kampuni ilikwisha kuombwa taa hizo bila kuziweka. Na anayesema ajali haina kinga aikumbuke taa hiyo.

Ziwa Tanganyika linaongeza uzito wa hoja. Kina chake kinapita mita 1,400, hivyo injini ikizimika mbali na pwani nanga haifiki chini, na chombo hugeuzwa ubavu kwa mawimbi. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba. Desemba 2014, upande wa Kongo, MV Mutambala ilipinduka watu 129 wakafa. Upepo mkali na mzigo uliozidi vilitajwa pamoja. Cheti cha ukaguzi cha mara moja kwa mwaka hakiwezi kuuona mkutano huo. TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini, na wamiliki wa boti wafungue daftari la hitilafu Karema na Ikola, ambamo kila tukio litaandikwa pamoja na mzigo, upepo, saa alizokesha nahodha na tarehe ya matengenezo ya mwisho, na anayeripoti asiadhibiwe kwa kuripoti.