Soketi za Ukutani Zenye Matundu ya USB: Je, Zinakula Umeme Zisipotumika?

Katika nyumba nyingi mpya zinazojengwa Bariadi, Maswa, Lamadi na Mwanhuzi, mafundi wa umeme sasa hufunga soketi za ukutani zenye matundu ya USB. Kwa soketi ya namna hiyo, simu huchajiwa kwa waya wake tu, pasipo kuhitaji kichwa cha chaja. Ni kifaa chenye manufaa. Hata hivyo, watumiaji wengi huuliza: je, soketi hiyo huendelea kula umeme hata pale ambapo hakuna simu iliyochomekwa? Na ikiwa ndivyo, je, ndiyo inayomaliza yuniti za LUKU kabla ya wakati?

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ndiyo, hula, lakini kidogo sana. Mara nyingi kinachomaliza yuniti ni kitu kingine. Makala haya yanaeleza kiasi chenyewe, namna ya kukihesabu, na mahali ambapo mtumiaji anapaswa kuelekeza macho yake.

Kwa nini soketi hula umeme ikiwa haina kazi

Umeme unaofika nyumbani ni wa volti 230, ilhali tundu la USB la kawaida hutoa volti 5. Kwa hiyo ndani ya soketi kuna kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya umeme, sawa na kile kilichomo ndani ya kichwa cha chaja. Kifaa hicho hukaa macho wakati wote kikisubiri simu, na kusubiri huko kuna gharama yake.

Tofauti na chaja, soketi haichomolewi ukutani. Tena, katika aina nyingi swichi iliyo usoni mwa soketi hukata umeme wa matundu matatu makubwa peke yake, na sehemu ya USB hubaki na umeme saa zote. Njia ya kujua ni rahisi: zima swichi ya soketi, kisha chomeka simu kwenye tundu la USB. Simu ikianza kuchaji, basi sehemu hiyo haizimwi na swichi. Ni sakiti breka ya soketi au swichi kuu ndiyo itakayoikata.

Ni kiasi gani?

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020 chaja ndogo ya kawaida ya simu haitakiwi kuvuta zaidi ya wati 0.1 inapokuwa haina mzigo. Soketi nzuri ya USB huwa karibu na kiwango hicho. Iliyo duni huweza kuvuta mara kadhaa zaidi.

Tuhesabu kwa bei. Kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa yuniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1, yuniti moja hufikia takriban shilingi 356. Yuniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Basi:

- Soketi moja inayovuta wati 0.1 usiku na mchana hutumia yuniti 0.88 kwa mwaka mzima, yaani shilingi 312.
- Soketi moja inayovuta wati 0.3 hutumia yuniti 2.6 kwa mwaka, yaani shilingi 936.
- Soketi sita za wati 0.3 kila moja hutumia yuniti 15.8 kwa mwaka, yaani takriban shilingi 5,600. Kwa mwezi ni yuniti 1.3.

Kwa kulinganisha, kuchaji simu moja yenye betri kubwa ya kisasa kutoka sifuri hadi kujaa hutumia takriban yuniti 0.025, ambayo ni shilingi 9.

Walaji wakubwa zaidi wamelala sebuleni

Mtumiaji anayehangaika na soketi ya USB huku ameacha king'amuzi kikiwaka taa nyekundu usiku kucha anafukuza panya na kumwacha fisi zizini. Chukua king'amuzi kinachovuta wati 10 kikiwa kimezimwa kwa rimoti. Kikikaa hivyo saa 20 kwa siku, hutumia yuniti 73 kwa mwaka, sawa na shilingi 26,000. Sabufa inayovuta wati 5 kwa saa hizo hizo hutumia yuniti 36.5, sawa na shilingi 13,000. Vifaa hutofautiana, na wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa kwa kawaida ni za juu kabisa wakati wa kazi, si za wakati wa kusubiri. Hata hivyo kanuni ni moja: kuzima kwa rimoti si kuzima. Zima kwenye swichi ya ukutani.

Mpaka wa yuniti 75

Kwa mteja wa matumizi madogo aliye katika kundi la D1, jambo hili ni zito zaidi. Kwa viwango hivyo vya 2016, yuniti 75 za kwanza katika mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja, nayo kila yuniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350. Pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 122 na shilingi 427.

Tuchukue kaya inayotumia yuniti 82 kwa mwezi. King'amuzi, sabufa na soketi sita tulizozitaja hapo juu kwa pamoja hula yuniti 10 hivi. Kaya hiyo ikiziokoa, itashuka hadi 72 na kuokoa takriban shilingi 3,350 kila mwezi. Zaidi ya hapo, kundi la D1 ni la wateja ambao wastani wao hauzidi yuniti 75. Anayezidisha mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, na huko hizo yuniti 72, ambazo kwa D1 ni shilingi 8,784, zingemgharimu takriban shilingi 25,600. Kwa kaya inayosubiri msimu wa pamba ili ishike fedha, tofauti hiyo si ndogo.

Pima mwenyewe kwa mita yako

Mita ya LUKU ina taa ndogo inayomweka kadiri umeme unavyotumika. Karibu nayo huandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja. Mfano wetu ni mita ya mimweko 1,000.

1. Zima na kuchomoa vifaa vyote, friji na taa pamoja navyo. Acha swichi kuu ikiwa imewashwa.
2. Tazama taa ya mita kwa dakika 15. Ikiwa zimebaki soketi za USB peke yake, huenda usione mmweko hata mmoja, kwa kuwa mita nyingi hazianzi kuhesabu mzigo mdogo mno ulio peke yake.
3. Rudisha kifaa kimoja kimoja. Mmweko mmoja kila dakika 6 ni wati 10, na mmweko mmoja kila dakika ni wati 60.
4. Ikiwa taa inamweka kwa mfululizo wakati vyote vimezimwa, kuna kifaa ulichokisahau, umeme unaovuja katika waya, au mtu mwingine aliyeunganishwa kwenye mita yako. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kwa wanaotumia sola

Katika vijiji ambako kaya hutegemea sola, hesabu hubadilika. Soketi ya USB ya volti 230 huhitaji inveta iwake, na inveta yenyewe hula umeme hata isipokuwa na mzigo. Inveta inayovuta wati 10 kwa saa 12 za usiku humaliza saa-wati 120. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumiwa nusu tu ili idumu, hutoa saa-wati 600. Hivyo sehemu moja ya tano imekwenda bure. Chaji simu mchana, au tumia tundu la USB lililo kwenye kidhibiti chaji cha sola, kisha zima inveta kabla ya kulala.

Usalama kabla ya senti

Hatari kubwa ya soketi ya USB iliyo duni haimo katika yuniti inazokula. Kinachotenganisha volti 230 na mkono wa mtoto anayeshika simu ni kile kifaa kidogo kilichomo ndani. Kikitengenezwa ovyo, soketi hupata joto, huungua, au hupitisha umeme mkali kwenye waya wa simu. Kwa hiyo tunashauri:

- Nunua soketi yenye alama ya ubora ya TBS, nawe udai risiti na dhamana ya maandishi.
- Igusie kiganja ikiwa haina simu. Ikiwa ya moto, au inanuka, au inatoa mlio, zima sakiti breka na uiondoe.
- Wakati wa radi, chomoa simu. Anayetaka kuinusuru soketi yenyewe azime sakiti breka yake.
- Mkumbushe fundi anayepima waya za nyumba kutenganisha soketi za USB kwanza, kwa sababu kipimo cha volti 500 huweza kuziharibu.
- Funga soketi za USB mahali zinapohitajika. Mbili au tatu huitosha nyumba ya kawaida.

Ukiwa na shaka kuhusu kundi la bei uliloandikiwa, anza na ofisi ya TANESCO ya wilaya yako ukiwa na namba ya mita na risiti za manunuzi ya miezi ya karibuni. Usiporidhika na majibu, una haki ya kupeleka malalamiko yako EWURA. Bidhaa unayoishuku kuwa ni bandia, iripoti kwa Tume ya Ushindani.