Salgaa, ukingoni mwa bahari ambayo bado haijazaliwa

Ukifika Salgaa saa mbili usiku utayakuta malori yamejipanga pande zote mbili za barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, madereva wameagiza chai na nyama choma, tanboi wanagongagonga matairi kusikiliza kama yana upepo wa kutosha. Ni kituo kilichokuzwa na malori, kilomita 30 hivi kutoka Nakuru mjini. Anayeelekea Uganda, Rwanda au Kongo hupumzika hapa kabla ya kuupanda mlima hadi Mau Summit. Anayerudi Mombasa hufika hapa akishukuru Mungu, maana ndiyo kwanza ameuteremka.

Mteremko huo kila dereva anaujua. Molo na Mau Summit ziko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru mjini ni kama mita 1,850. Tofauti hiyo ya mita 600 na ushee lori lililosheheni hulazimika kuishuka kwa mwendo mfupi, breki zikikanyagwa mpaka zinatoa harufu ya kuungua. Anayetoa gia ili kuokoa dizeli hugundua amechelewa wakati breki hazishiki tena. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, na watu 36 wakafa. Baada ya hapo pande mbili za barabara zilitenganishwa kwa ukuta. Tumezoea kulaumu mwendo kasi, uchovu na breki mbovu, na tuna haki ya kulaumu. Lakini mteremko wenyewe ulitoka wapi?

Ulitoka chini. Ukisimama Sachangwan, juu ya mteremko huo, siku isiyo na ukungu na kutazama mashariki, utaiona ardhi ikishuka mbele yako, ikatandaza uwanda, kisha ng'ambo ya pili ikapanda tena kuelekea Bahati na milima ya Nyandarua. Hizo ni kingo mbili za kitu kimoja. Zamani ardhi ilikuwa imeungana, ikavutwa huku na huku, na kipande cha katikati kikadidimia. Dereva anayeshuka Salgaa anashuka ukutani mwa Bonde la Ufa.

Tuanze na kinachovuta. Sehemu ya nje ya dunia ni ganda la mwamba mgumu lililogawanyika katika vipande vikubwa ambavyo wanasayansi huviita mabamba. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali sana. Wengi hudhani huko chini ni bahari ya moto inayochemka, na hilo si kweli: mwamba huo ni mgumu, ila kwa joto lile na kwa muda wa mamilioni ya miaka hujongea polepole mno, kama asali iliyoganda. Palipo na joto zaidi hupanda na kulisukuma ganda kutoka chini. Chini ya Afrika Mashariki joto la namna hiyo limeinua ardhi ikawa kama mgongo mpana, na ndiyo sababu Naivasha na Nakuru ziko juu kiasi hicho ilhali ziko ndani ya bonde.

Kitu kilichoinuliwa na kuvutwa pande mbili hukonda katikati. Mpishi wa chapati anajua: shika donge la unga kwa mikono miwili uvute, na kabla halijakatika utaliona limekuwa jembamba. Ganda la dunia limefanya vivyo hivyo. Mwaka 1985, 1990 na 1994 kundi la wanasayansi wa mataifa mbalimbali walilipua baruti kaskazini na kusini mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingine ndani ya maziwa, wakapima jinsi mtikisiko ulivyosafiri ardhini. Chini ya Naivasha walikuta ganda lenye unene wa kilomita 35 hivi. Chini ya Turkana lilikuwa kama kilomita 20 tu. Donge letu linakaribia kukatika upande wa kaskazini.

Likikatika, nini hutokea? Jibu liko katika barabara hiyohiyo ya malori, mwanzo wake.

Lori likitoka bandari ya Mombasa hupita Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi na Taru. Dereva huyajua majina hayo kwa mizani na foleni. Wanajiolojia huyajua kwa mawe, kwani kila moja limepewa tabaka lake la mwamba wa mchanga. Mchanga huo ulimwagwa na mito na maziwa ndani ya bonde lililokuwa likididimia zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, wakati hapakuwa na bahari upande wa mashariki. Palikuwa na Madagaska. Kisiwa hicho kilikuwa kimeshikamana na pwani ya Kenya na Somalia, na ufa ulikuwa ukifunguka kati yao kama huu wetu wa Nakuru. Kisha maji ya chumvi yakaingia. Mawe ya chokaa ya Kambe, kule nyuma ya Kilifi, ni ya zama hizo, na ndani yake mna mabaki ya viumbe wa baharini. Madagaska ikateleza kuelekea kusini, na katika nafasi iliyoachwa ikazaliwa sakafu mpya ya bahari.

Kuzaliwa huko kuna utaratibu wake. Ganda la bara linapokatika kabisa, mwamba wa moto wa chini hupata nafuu ya mgandamizo. Sehemu yake huyeyuka, hupanda kuujaza mwanya, hupoa na kuwa jiwe jeusi zito liitwalo basalti. Mabamba yakivutwa tena, jiwe hilo jipya hupasuka katikati na rojo jingine la moto huja kuziba. Hivyo sakafu huongezeka kwa kupasuka palepale ilipozibwa jana, nusu yake ikienda mashariki na nusu magharibi. Ganda linaloundwa hivi lina unene wa kilomita 7 tu, nalo ni zito kuliko mwamba wa bara. Kwa kuwa ni jembamba na zito, hukaa chini, na maji hujaa juu yake. Watu wengi hufikiri bahari ni shimo lililotokea kujaa maji. Kumbe sakafu yake ni mwamba wa aina nyingine kabisa, uliotengenezwa kwa namna tofauti na mwamba wa Migori au Kitui.

Sayansi hii ni changa kuliko wazee wetu wengi. Katika miaka ya 1950 mchoraji ramani Mmarekani Marie Tharp alikuwa akipanga vipimo vya kina cha Bahari ya Atlantiki vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kupanda. Akaona kwamba safu ya milima iliyo katikati ya bahari ina bonde juu ya kilele chake, na matetemeko ya ardhi yamejipanga ndani ya bonde hilo. Yeye na mwenzake Bruce Heezen walipotafuta mfano wake nchi kavu, walilinganisha na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bonde letu likawasaidia watu kuamini jambo lililofichwa chini ya maji.

Ushahidi mwingine ulitoka bahari yetu. Mwaka 1962 meli ya Uingereza ilipima usumaku wa sakafu ya Bahari ya Hindi juu ya safu iitwayo Carlsberg, kusini mwa Uarabuni. Basalti inapopoa hunasa mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule, na sumaku hiyo imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Fred Vine na Drummond Matthews wa Cambridge walitangaza mwaka 1963 kwamba mistari ya usumaku kwenye sakafu ya bahari ni kumbukumbu ya mageuzi hayo: sakafu hujiandika inavyozaliwa. Tangu hapo umri wake ukaweza kusomwa. Karibu yote haijafikisha miaka milioni 200, kwa sababu ile ya zamani huzama tena chini ya mabamba mengine. Miamba yenye dhahabu ya Migori, kwa kulinganisha, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Baina ya Salgaa na Mombasa, basi, kuna nyufa mbili: mmoja ulifika mwisho ukawa bahari, mwingine ungali njiani. Hatua ya katikati iko Afar, kaskazini mwa Ethiopia, ambako ufa wetu hukutana na Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Septemba 2005 rojo la moto liliipasua ardhi huko kwa urefu wa kilomita 60 hivi. Katika muda wa majuma machache pande mbili zilikuwa zimeachana, mahali pengine kwa mita 8. Sehemu za Afar tayari ziko chini ya usawa wa bahari, na vilima vichache tu ndivyo vinavyozuia maji.

Salgaa hakuna haraka hiyo. Kaskazini, Ethiopia, mabamba huachana kwa milimita 6 au 7 kwa mwaka, na kadiri unavyokuja kusini ndivyo kasi inavyopungua. Hata tukikadiria milimita 4 hapa Nakuru, mtoto aliyezaliwa leo atakapofika miaka 70 ukingo wa Mau na ukingo wa Nyandarua zitakuwa zimeachana kwa sentimita 28 zaidi, yaani shubiri moja na kidogo. Wala hakuna hakika kwamba ufa wetu utafika mwisho. Chini ya mchanga wa Chalbi, Marsabit, umelala ufa wa Anza, uliofunguka enzi za dinosaria kutoka upande wa Lamu kuelekea Turkana. Ulichoka, ukajaa mchanga, ukafa. Huu wetu nao unaweza kufa.

Kwa hiyo niliumia Machi 2018, mvua ilipofichua mtaro mkubwa Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, nikasoma vichwa vya habari vya dunia nzima vikisema Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia walieleza kwamba maji yalikuwa yamezoa jivu la volkeno lililojaa katika mipasuko ya kale. Bonde halikufunguka wiki ile. Familia zilizopoteza nyumba zilihitaji maelezo hayo kuliko utabiri wa miaka milioni kadhaa ijayo.

Ufa unapojongea kweli, hutetemesha. Januari 6, 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilitokea Subukia, upande wa pili wa Nakuru, na ardhi ikapasuka kwa karibu kilomita 40. Wakati huo majengo ya mawe yalikuwa machache. Leo Nakuru ni jiji la maghorofa, na sijaona tukilizungumzia tetemeko la Subukia kama linavyostahili.

Ufa huu umetupa mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, na visima vya Menengai vilivyoanza kuchimbwa 2011. Umetupa pia maji yenye madhara, na hapa ndipo unapoingia nyumbani kwa mtu wa Rongai na Njoro, huku Nakuru. Lava na majivu ya volkeno za bonde hili vina floraidi nyingi na chokaa kidogo. Maji ya mvua yanayopenya humo kwa miaka mingi huifyonza floraidi, na kwa kuwa chokaa ya kuikamata ni haba, hubaki nayo mpaka yanapovutwa na pampu ya kisima kirefu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Nakuru huvuka kikomo hicho.

Anayeumia zaidi ni mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa sababu meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Floraidi ikizidi, huota yakiwa na madoa ya kahawia, mengine na vishimo, na hakuna mswaki unaoyatoa. Kijana aliyekulia hapa akienda kutafuta kazi mbali huonekana mchafu bila kosa lake. Ikizidi sana, na mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, viungo hukakamaa na mifupa kuuma.

Maji haya hayana rangi wala harufu ya kumwonya mtu, na ladha yake ni ya kawaida. Kuyachemsha hakusaidii, mvuke huondoka na floraidi hubaki, ikazidi nguvu katika maji yaliyosalia. Mkaa wa jikoni hauisafishi. Kinachofaa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, njia ambayo mpango wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru umeiendeleza kwa miaka mingi, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi. Kama hayatoshi nyumba nzima, yatengewe watoto na mama mjamzito kwanza, ya kunywa na ya kupikia. Ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea.

Na kabla kijiji au shule yako haijaanza kutumia kisima kipya, jaza chupa moja, ipeleke maabara, na uombe kipimo cha floraidi kwa jina lake.