Mafuriko Hayangoji Idhini

Sisi wa pwani tumezoea kulitazama wingu kabla ya kusema mvua inakuja. Ndugu zetu wa Garissa hawawezi kulitegemea wingu. Mvua inayowahamisha hunyesha mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ikajaza mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mabwawa yakifurika, Mto Tana huteremka kwa nguvu, na mji ukazingirwa na maji huku jua likiwaka.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, barabara baina ya Madogo na Garissa ilipogeuka mto na watu wakavushwa kwa mashua. Mashua moja ilipinduka, na roho zikapotea. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wako wasemao: mbona hawahami? Mto huohuo ndio uwapao ndizi, maembe na mboga, na tope uliachalo hurutubisha mashamba. Mji nao unakua, na asiye na uwezo hujenga palipo rahisi, nako ni bondeni.

Lakini katika mtihani huu mna rehema: maji hutoka mbali, na onyo hutangulia. Hasara kubwa ni kulisikia onyo tukakaa.

Akina mama hutuuliza: mume yuko safarini, simu haipatikani, maji yanakuja, je, nitoke bila idhini yake? Twajibu bila kusita: toka, na watoto wako. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelieleza wazi: nyumba ikihofiwa kuanguka, mke hutoka wala halaumiwi. Kuhifadhi nafsi ni wajibu. Nawe mume, usimwache mkeo na shaka hiyo. Mwambie leo, kabla hujasafiri, na mkubaliane atakwenda kwa nani.

Vyeti vya watoto, vitambulisho na dawa vifungwe pamoja ndani ya mfuko usiopenya maji, viwekwe karibu na mlango. Maji yakipungua, msiyanywe ya kisima bila kuyachemsha, kwani vyoo vya shimo vimekwisha kufurika, na kipindupindu hufuata nyuma.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Nasi tufunge mizigo yetu mapema, kisha tuombe salama.

Wabillahi tawfiq.