Miwani ya mtoto imeshikana, mbona imeota weupe?

Mkono wa miwani umekatika Jumapili jioni, na kesho mtoto ana mtihani. Kwa mzazi wa Kigombe, ambaye fundi wa miwani yuko Tanga mjini, mkombozi ni kile kichupa cha supagluu cha dukani. Anatia matone, anabana, kisha anaifungia miwani kwenye kasha lake na kuliweka juu ya kabati, wadogo wasilifikie. Asubuhi mkono umeshika barabara, lakini vioo vimepata ukungu mweupe kama vumbi la chokaa. Akifuta kwa khanga, hautoki.

Wengi hudhani wameuziwa gundi feki. Mara nyingi gundi haina kosa, kosa ni lile kasha.

Supagluu haikauki kama rangi ya ukutani. Inagandishwa na unyevu, ule mdogo tu ulio juu ya kitu chenyewe na hewani. Kabla haijaganda, sehemu yake hupanda kama mvuke, ndio ule unaochoma pua na macho. Mvuke huo ukikosa pa kutokea, huganda na kutua jirani kama unga mweupe, hasa mahali palipoguswa na vidole. Polisi wa nchi nyingi huutumia kufichua alama za vidole kwenye vitu vya ushahidi, kwa hiyo dole gumba la mwanao likijichora kwenye kioo, usishangae.

Na Kigombe bahari iko mlangoni. Msimu wa masika hata chumvi hulowa ndani ya kopo, na unyevu ukizidi, weupe nao huzidi. Hewa ya pwani huwezi kuizuia, ila saa na mahali pa kufanyia kazi unaweza kuvichagua. Mchana jua likiwa limetoka ni afadhali kuliko usiku au alfajiri. Barazani penye upepo ni afadhali kuliko chumbani madirisha yamefungwa, maana upepo huuondoa mvuke kabla haujatua. Ikibidi iwe ndani, washa feni.

Halafu kuna suala la kiasi. Gundi nyingi haishiki zaidi. Huchelewa kuganda, na muda wote huo inafuka. Futa pande zote mbili, weka tone dogo upande mmoja, bana papo hapo. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ina unyevu mwingi. Vioo vikiweza kutoka kwenye fremu, vitoe kwanza. Visipotoka, ni heri kufunga mkono kwa selotepu hadi siku ya kwenda mjini. Haipendezi, lakini mtoto ataona ubao.

Ukishaunganisha, acha kitu wazi penye hewa hadi kesho yake. Kiweke juu watoto wasipofika, ila si ndani ya kasha, droo wala mfuko wa plastiki.

Weupe uliokwisha kutokea juu ya chuma au kikombe cha udongo hutoka kwa kitambaa chenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kwenye plastiki usithubutu, dawa hiyo huila, na vioo vingi vya miwani ya watoto ni plastiki. Mdoli au redio nyeusi ipanguse kwa mafuta kidogo ya kupikia, weupe utafifia.

Jambo moja zaidi kwa wenye watoto. Kichupa cha supagluu kinafanana na cha dawa ya macho, kwa hiyo visikae pamoja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi ya vuguvugu, usilazimishe kope kufunguka, mpeleke mtoto zahanati. Vidole vilivyogandana visivutwe. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha viachanishe taratibu. Ikimwagika kwenye nguo ya pamba hupata moto na inaweza kuunguza ngozi, hivyo mvue mtoto sare ya shule kabla hajaja kukushikia miwani.