Mkufunzi aliyekataa kustaafu

Mzee akifikisha umri wa miaka 70, wengi humshauri atulie nyumbani acheze na wajukuu. Amos Alonzo Stagg alipoambiwa hivyo huko Marekani, alikataa katakata.

Stagg, mwana wa fundi wa viatu, alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la New Jersey. Alisomea Chuo Kikuu cha Yale akinuia kuwa mhubiri, lakini akatambua kwamba hakujaliwa ulimi wa mimbarini. Akageukia kandanda ya Kimarekani, mchezo ulio jamaa ya raga, ambapo mpira hubebwa mikononi.

Mwaka 1892 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa huko kwa misimu 41 na kunyakua ubingwa wa ligi mara saba. Mwaka 1905 vijana wake waliwalaza Michigan 2-0, timu iliyokuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Mkewe, Stella, alikuwa nguzo yake. Mechi ikiendelea, yeye huketi na kalamu akichora jinsi wachezaji wanavyojipanga.

Miaka ya mwisho timu ilididimia, na mwaka 1932 chuo kikamtaka astaafu kwa sababu ya umri. Alipewa kazi nyingine chuoni humo, lakini hakuitaka. Alifunga virago akaelekea California, kukifunza kikosi cha chuo kidogo cha Pacific mjini Stockton.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mwaka 1938 mzee huyo alirudi Chicago na vijana wake wapya, wakawatandika wenyeji 32-0 katika uwanja ulioitwa kwa jina lake mwenyewe! Mwaka uliofuata, Chicago ikaivunja timu yake. Naye Stagg, akiwa na miaka 81, alichaguliwa mkufunzi bora wa mwaka 1943.

Kuanzia mwaka 1947 alimsaidia mwanawe aliyekuwa mkufunzi katika chuo cha Susquehanna, jimboni Pennsylvania. Kisha akarudi kusaidia katika chuo kingine mjini Stockton, na kustaafu mwaka 1960 akiwa na miaka 98. Aliaga dunia mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 102.

Basi msomaji, kabla hujamwambia mzee wenu apumzike, muulize kwanza kama amechoka.