Ukisikia 1987, usimcheke shabiki wa K'Ogalo

Wewe unayemcheka shabiki wa Gor Mahia kila akitaja 1987, hebu tulia kidogo nikupe stori.

Mwaka huo Gor walitinga fainali ya Kombe la Washindi Barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza, kule Tunis, iliisha 2-2. Marudiano hapa Nairobi yakaisha 1-1. Piga hesabu: jumla 3-3. Sasa kombe ni la nani?

Hapo ndipo sheria ya bao la ugenini ilipoamua. Gor walikuwa wamefunga mawili kwa wenyewe, Espérance moja tu. Basi kina Peter Dawo wakabeba kombe bila kushinda hata mechi moja ya fainali! UEFA waliifuta sheria hiyo 2021, lakini wakati huo ilikuwa halali kabisa.

Tangu siku hiyo, hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa taji la CAF. Kwa hivyo anayekukumbusha 1987 hajisifu tu, anakuonyesha pengo. Arsenal unaijua hadi wachezaji wa akiba. Je, uwanjani kutazama timu ya nyumbani ulienda lini?