Geji Ndiyo Mtaji wa Fundi wa Mazutu

Ncha ya enjekteri ni kipande cha chuma kinachofichika ndani ya ngumi. Lakini ili ifike Kisangani lazima ipande ndege, au ipande mto kutoka Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,700, au ipite barabara ya msitu kutoka Bunia na Beni, ambako lori linaweza kukwama kwenye tope wiki nzima. Kwa hiyo mwenye mashine anayenunua ncha mpya mjini hapa hulipia chuma mara moja na safari mara kadhaa. Hesabu hiyo ndiyo inayoipa uhai kazi ya kupima na kurekebisha enjekteri nyumbani, chini ya bati la uani, katika mtaa kama Simi-Simi.

Mafundi wa Tanzania na Kenya huiita nozeli. Huku Kifaransa kimetuachia enjekteri, na dizeli yenyewe ni mazutu. Jina lolote lile, kazi yake ni moja: kupokea mafuta kutoka kwenye pampu, kuyazuia mpaka presha ipande vya kutosha, kisha kuyaachia ghafla ndani ya silinda yakiwa ukungu. Yakitoka kama ukungu huungua yote. Yakitoka kama matone, nusu huwa moshi mweusi na nusu huosha ukuta wa silinda na kuharibu oili.

Wateja wa kazi hii wako pande zote za Simi-Simi. Mtoni kuna mabalenieri, zile mashua kubwa za mbao zinazobeba watu, mchele, mihogo na mkaa kati ya Kisangani, Yangambi, Isangi na kuendelea chini. Nchi kavu kuna vinu vya kukoboa mpunga na kusaga mihogo. Halafu kuna majenereta. Bwawa la mto Tshopo, lililoanza kazi miaka ya 1950, lina mitambo mitatu ambayo yote kwa pamoja haifiki megawati 20, na mji umelizidi zamani. Umeme ukikatika, mwenye friji ya samaki, mwenye duka la kuchapisha na mwenye kliniki wote huwasha injini ya mazutu. Mjini zimebaki pia Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, silinda sita, iliyoingia sokoni mwaka 1990 na ambayo bado hulishwa kwa pampu ya kawaida isiyohitaji kompyuta. Gari moja la namna hiyo humletea fundi enjekteri sita kwa mpigo.

Tuchukue injini ya Kichina ya silinda moja, nguvu za farasi 12, aina inayoonekana kwenye vinu na mashua za huku. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hunywa karibu lita 2.6 za mazutu kwa saa. Enjekteri mbovu ikiongeza unywaji huo kwa sehemu moja ya kumi tu, katika saa nane za kusaga zimepotea lita mbili. Mwenye kinu hazioni lita hizo, kwa sababu haziishi kwa siku moja zikaonekana. Huisha kidogo kidogo, naye hudhani bei ya mazutu ndiyo iliyopanda. Anapokuja kwa fundi, kwa kawaida haji kwa sababu ya hasara. Huja kwa sababu mashine imekataa kuwaka asubuhi.

Chombo kikuu cha kazi hii ni pampu ndogo ya mkono yenye mpini, chupa ya mafuta, bomba fupi la chuma na geji. Zile nafuu kutoka China huuzwa kwa chini ya dola 200 kabla ya usafiri. Wapo mafundi wanaojitengenezea kwa kutumia kriki ya gari, yaani jeki ya oili: huimwaga oili yake, huiosha, huijaza mazutu safi, hutoboa njia ya bomba na kufunga geji ya bar 400. Kriki nzima hufika presha hiyo bila shida. Siwadharau hata kidogo wanaofanya hivyo, mradi geji iwe ya kweli na ilinganishwe na nyingine mara kwa mara. Geji ikidanganya kwa bar 20, fundi ataziharibu enjekteri za mtaa mzima huku akiamini amezitengeneza.

Kipimo chenyewe hakichukui dakika nyingi. Enjekteri hufungwa kwenye bomba, mpini hushushwa polepole, na jicho hufuata mshale wa geji mpaka sindano iliyo ndani ya ncha ifunguke. Injini ndogo ya silinda moja yenye chumba cha pembeni hufunguka karibu na bar 125. Zile zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni hutaka kati ya bar 180 na 250, kila moja kwa kitabu chake. Baada ya hapo fundi hushusha presha kama bar 15 chini ya pale ilipofungukia, akaishikilia kwa sekunde kumi. Tone likidondoka, kikalio cha sindano kimekwisha au kuna uchafu. Mwisho hutazama ukungu: umenyooka, umelingana pande zote, na unakatika kwa mlio mkavu, au unatoka kama mkojo wa mtoto.

Presha ikiwa imeshuka, kwa kawaida springi imechoka. Enjekteri za zamani zina skrubu ya kuikaza. Nyingine huongezewa kisahani chembamba juu ya springi, na kwa injini nyingi unene wa milimita 0.05 hupandisha karibu bar 5. Ni hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaokaza skrubu kwa kusikiliza moshi. Injini inaweza kupunguza moshi huku ikikosa nguvu, na pampu ikabebeshwa mzigo usio wake. Mteja amelipa, amefurahi, na mwezi unaofuata ananunua pampu. Asiye na geji anauza bahati, na kuna watu wengi mno mjini wanaouziwa bahati hiyo kwa bei ya kazi kamili.

Usafi unataka kutiliwa mkazo kuliko yote, na ndio unaoshindikana uani. Sindano na mwili wake vimesagwa pamoja kiwandani mpaka nafasi kati yao ikawa maikroni mbili au tatu. Unywele mmoja wa mtu ni mnene mara ishirini na zaidi. Ndiyo maana sindano ya enjekteri moja haihamishiwi nyingine, brashi huwa ya shaba nyeupe na si ya chuma, na kitambaa kinachoacha nyuzi hakikaribishwi mezani. Vumbi jekundu la barabara ya uwanja wa ndege linatosha kuikwamisha sindano. Fundi makini huosha kwenye sahani iliyofunikwa, hufanya kazi asubuhi kabla ya upepo na magari, na washa ya shaba nyekundu iliyokuwa chini ya enjekteri hairudishi, huweka mpya.

Lakini hata fundi makini hushindana na kitu kilicho nje ya uwezo wake, nacho ni mafuta. Mazutu mengi mjini hupita mikononi mwa kadhafi, wauzaji wa kando ya barabara, kutoka pipa hadi bido, yaani dumu, hadi chupa. Kila kumimina huongeza maji na mchanga, na maji ndiyo muuaji wa sindano, kwa kuwa mazutu yenyewe ndiyo yanayoilainisha. Mwenye balenieri anayeacha pipa litulie usiku kucha na kuchota kutoka juu, bila kugusa sehemu ya chini, huokoa fedha kuliko anayenunua ncha mpya kila safari.

Kuna hatari ambayo mafundi wa nyumbani huizoea vibaya. Ukungu wa bar 200 hupenya ngozi. Alama yake ni ndogo kama ya kuchomwa pini na mwanzoni haiumi sana, lakini mazutu yakiwa ndani ya kidole huua nyama, na kidole au mkono unaweza kukatwa. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yenye presha. Watoto hawakai karibu na meza hiyo, hata kama ni uani kwao.

Upande wa fedha, ugumu ni sarafu mbili. Ncha, visahani na washa hununuliwa kwa dola; kazi hulipwa kwa faranga, na mara nyingi hulipwa mashua ikirudi. Faranga ikishuka kati ya kuondoka na kurudi, faida ya fundi imebaki mtoni. Walio imara hutenganisha malipo: vipuri hulipwa papo hapo kwa dola, mikono husubiri.

Kazi hii ina ukuta wake pia. Magari mapya hutumia mfumo wenye presha ya bar 1,300 hadi zaidi ya 2,000, enjekteri hufunguliwa kwa umeme, na nyingi zina namba zake zinazotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Pampu ya mkono haina la kusema hapo, na kulegeza nati ya bomba injini ikiunguruma, mbinu ya zamani ya kutafuta silinda mbovu, kwenye mfumo huo ni kucheza na kifo. Fundi wa Simi-Simi anayemwambia mteja wa gari la namna hiyo kwamba hawezi, anamtendea haki.

Kwa vinu, mashua na majenereta, hata hivyo, kazi ipo kwa miaka mingi bado. Ningependa kuona kitu kimoja kikiongezwa kwenye meza hizi, nacho ni daftari. Jina la mashine, tarehe, bar ilizokuja nazo, bar ilizoondoka nazo, na saa ilizofanya kazi tangu mara ya mwisho. Mwenye balenieri akirudi kutoka Isangi baada ya miezi sita akilalamika, fundi hufungua ukurasa, hufunga enjekteri kwenye bomba, na wote wawili wanausoma mshale pamoja.